Gari Linaloingia Bila Hodi

3 Februari

Mdogo wangu Spana,

Barua hii nimeianza na kuichana mara kadhaa, kwa hiyo ukiona mwandiko umekwenda upande, ujue ni hasira za kuanza upya. Hujambo? Mama hajambo?

Tangu tumzike baba, mimi na wewe hatujazungumza kama watu. Nilisema maneno mbele ya waombolezaji, kwamba magari mnayoyakumbatia ndiyo yaliyommaliza, na wewe ukanijibu kwamba aliyekimbia kwao hana haki ya kurudi kama hakimu. Nikipiga simu unasema mama amelala, unakata. Basi nimeona niandike. Barua huwezi kuikata katikati.

Nina jambo. Hapa kiwandani mfanyakazi wa muda mrefu hupewa nafasi ya kuchukua gari moja kati ya yaliyotumika kwenye majaribio. Safari hii jina langu limetoka. Ni gari dogo la umeme, jeupe, halina mkwaruzo. Nataka kumtumia mama. Wewe utaliendesha, utampeleka hospitali na popote anapotaka. Meli nalipia mimi.

Sharti langu ni moja. Gari la baba liondoke uani. Liuze, likatekate, mpe wa chuma chakavu, sijali. Unaliegesha pale pale dirisha la mama linapotazama. Baba alivuta moshi wa magari ya watu maisha yake yote ndani ya lile banda lenu la gereji, na mwisho wake tuliuona wote, alivyokuwa akikaa ukingoni mwa kitanda anaitafuta pumzi kama mtu anayetafuta funguo. Sitaki mama naye aende hivyo. Sitaki na wewe, ingawa kichwa chako ni kigumu kuliko nati yenye kutu.

Magari ya petroli siku zake zinahesabika, Spana. Huku barabarani mengi ni ya umeme sasa. Huko kwetu yatafika tu, upende usipende. Afadhali yaanzie kwa mama.

Nijibu. Hata kama ni kunitukana, nijibu.

Dada yako,
Cheche


24 Februari

Dada Cheche,

Barua imefika imelowa pembe moja, lakini matusi yote yalisomeka. Baba hakukosea kukupa jina hilo. Mtu hawezi kukuweka karibu na petroli hata dakika mbili.

Ahsante kwa gari. Ila ahsante yangu inaishia hapo, maana gari lenyewe silitaki. Ngoja nikueleze kabla hujanuna.

Umeme hapa unakatika unavyojisikia. Leo fundi cherehani wa jirani amekaa tangu asubuhi na suruali ya mteja yenye mguu mmoja. Sasa mama akizidiwa nimwambie asubiri umeme urudi ndipo tuende hospitali? Na likiharibika nani atalifungua? Moja lililetwa hapa gereji mwezi uliopita. Nikafungua boneti nikakuta boksi limezibwa pande zote, limeandikwa hatari, usiguse. Nikalifunga polepole kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwewe ndani.

Sisemi dunia haigeuki. Mzee wa Spea, yule aliyekuwa akimwekea baba plagi chini ya kaunta, amegawa duka katikati. Upande mmoja spea zetu, zimekaa na vumbi lake. Upande wa pili pikipiki za umeme, zinang'aa kama meno ya bandia. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, mimi nafuata wateja, sifuati injini." Haya, awafuate.

Lakini gari la baba haliondoki. Nalizungusha kila jioni, nalirudisha, nalifuta vumbi. Bado lina kile kikohozi chake, ile silinda moja inayoruka ambayo baba alitengenezea magari ya mtaa mzima lakini lake akaliacha. Ni gari la baba. Hiyo haitoshi?

Mama hajambo. Anakula vizuri. Anakusalimu na anasema uvae nguo nzito, huko kuna baridi.

Mdogo wako,
Spana


15 Machi

Spana,

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama hajambo, anakula vizuri." Sauti yake nimeisikia lini mara ya mwisho? Nikipiga simu yake imezimwa. Nikipiga yako, amelala. Mama yetu amekuwa mtoto mchanga, analala mchana kutwa?

Yule rafiki yangu Muuguzi, anayekaa nyumba ya pili kutoka hapo, ameniandikia. Anasema kila jioni unatoka na gari la baba, unazunguka mtaa, unarudi, unapiga honi mara moja getini, unaingia. Humbebi mtu, hununui kitu. Watoto wa mtaani wanakuita Msafara. Ni nini hicho? Unawaonyesha watu kwamba wewe ndiye umebaki na baba, na mimi niliondoka? Au huzuni imekupanda kichwani? Kama ni huzuni sema. Mimi pia ninayo, na huku sina wa kumwambia.

Hujawahi kuniuliza nafanya kazi gani, kwa hiyo nitakwambia bila kuulizwa. Mimi kazi yangu ni sauti. Haya magari yakienda polepole hayasikiki kabisa, asiyeona anaweza kugongwa akivuka barabara, kwa hiyo sheria ya huku inataka yawekewe sauti. Chini ya bampa ya mbele kuna spika. Sisi tunakaa kwenye chumba kilichobandikwa sponji kuta zote mpaka darini, simu tunaziacha mlangoni, tunachagua gari liseme vipi. Nilipomweleza baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Yaani mnatengeneza gari bubu, halafu mnalikodia mdomo." Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia mimi.

Gari limeshapakiwa melini. Sikukungoja. Karatasi zake zimo humu. Ukitaka kulikataa, likatae likiwa mlangoni, mama akikutazama.

Dada yako,
Cheche


2 Aprili

Dada,

Muuguzi wako ana macho makali, ila ukuta haupenyi.

Mama anasahau. Sisemi kusahau mahali alipoweka miwani. Amesahau kwamba baba alikufa.

Ilianza si muda mrefu baada ya wewe kurudi huko. Asubuhi moja akaniambia, "Baba yako ametoka mapema leo, hata chai hakunywa." Nikadhani ulimi umeteleza. Nikamwambia, mama, baba si tulimzika. Akapiga ukelele ule ule wa siku ile hospitalini. Ule ule, dada. Majirani walikuja mbio. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia kama hajawahi kulia. Siku iliyofuata aliponiuliza nikasema, "Yuko gereji." Mimi siwezi kumzika baba kila kukicha.

Mwanzoni alijua mwenyewe kwamba kuna kitu kinamtoka. Alinishika mkono akasema, "Dada yako asijue. Akijua ataacha kazi aje kunitazama nikiharibika." Nikamwapia. Leo nimevunja kiapo, na nisingekivunja kama maji yasingenifika shingoni. Simu yake nimeificha kwa sababu alikuwa akimpigia baba. Anaiweka sikioni, anangoja, halafu ananiambia, "Huyu mzee simu ameiacha wapi tena."

Sasa hiyo jioni unayoulizia. Unamjua mama, maisha yake hajala kabla ya baba kurudi. Anakaa kwenye kile kiti cha jikoni kinachotazama mlango, sufuria imefunikwa. Asiposikia gari, hali. Akingoja sana anachukua kandambili za baba anasimama nazo getini. Nilimbembeleza, nilimdanganya, nilimkaripia pia, Mungu anisamehe. Akawa ananiambia, "Wewe kula, una njaa ya ujana." Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka akiosha vyombo.

Siku moja nilikuwa nimetoka na gari la baba kujaribu breki. Niliporudi nikapiga honi getini bila kufikiri, mara moja, kama alivyokuwa akipiga yeye. Nikamsikia mama kule jikoni, "Haya, baba yenu huyo." Kuingia, nakuta ameshapakua. Nikamwambia baba ananawa, leo oili imemganda mikononi. Akakaa, akala, akamaliza sahani. Alipomaliza hakukumbuka kwamba alikuwa akimngoja mtu.

Basi Msafara ndio huo.

Na sasa injini inakata roho. Silinda hedi ina ufa, nimeuchomelea ukafunguka tena, maji yanaingia kwenye oili. Mzee wa Spea anasema ile ya mwisho aliyokuwa nayo aliipeleka chuma chakavu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiiulizia. Unaniambia magari ya umeme yatachukua nafasi ya haya yetu. Yatachukua, dada. Mimi si mjinga. Ninachoomba ni yamngoje mama amalize.

Mdogo wako,
Spana


19 Aprili

Spana wangu,

Barua yako nimeisomea chini, kwenye sakafu ya jikoni. Nilikwambia ulikatekate lile gari. Nimeandika kwa mkono wangu, "likatekate." Ningejua ningekata mkono kwanza.

Nimekupigia jana, juzi na leo, simu yako haipatikani. Nimemwandikia Muuguzi aje akuone, kumbe amehamishiwa hospitali nyingine. Kwa hiyo tumerudi kwenye karatasi, na karatasi ina miguu mifupi.

Kuja siwezi mara moja. Hati zangu za kukaa huku zimekwisha, mpya ziko mezani kwa wakubwa, nikitoka kabla hazijatiwa sahihi mlango unafungwa nyuma yangu. Nimewaomba. Wameniambia ningoje. Nimekuwa kama mama.

Lakini hili naliweza, labda ndilo pekee nililojifunza la maana. Lirekodi gari. Kabla halijazima kabisa, azima simu nzuri kwa mtu. Rekodi likiwa limesimama linanguruma, likiingia getini, honi, na unapolizima. Kile kikohozi kisikose. Nitumie. Gari jeupe lina spika, na spika ndiyo kazi yangu. Nitalifundisha liseme kama la baba.

Ulivyobeba peke yako. Na mimi nilidhani ni kiburi.

Dada yako,
Cheche


8 Mei

Dada,

Barua yako imekuta matanga mengine. Gari la baba lilizima wiki iliyopita pale kona ya duka la dawa. Lilipiga mlio mmoja kama sufuria iliyoangushwa, likatulia. Nililisukuma mpaka nyumbani na fundi cherehani na watu wengine wa mtaa, mimi mlangoni, mkono mmoja usukani, nalia, wao wakidhani ni jasho. Simu yangu nayo, kwa taarifa yako, ilidumbukia kwenye ndoo ya oili chafu. Ndiyo maana hunipati.

Nilijaribu ujanja. Niliazima gari la mteja, aina ile ile, mwaka ule ule. Nikapiga honi mara moja, nikaingia. Mama akachungulia dirishani, akaniita akiwa ameshusha sauti kama mtu mwenye adabu zake, "Kuna mgeni. Mwambie baba yako bado hajarudi." Amekaa na fundi magari miaka yote, unadhani utamdanganya na injini iliyo nzima? Anaujua ule mruko wa silinda kuliko anavyonijua mimi.

Kwa hiyo tumerudi nyuma. Namlisha kwa kubembeleza, vijiko vichache, huku macho yake yako mlangoni. Ananiuliza mimi ni mtoto wa nani, na mikono yangu imechafuka hivi kwa nini.

Gari lako limefika. Nimekwenda kulichukua mwenyewe. Nakubali, ni zuri. Lilinitoa bandarini mpaka nyumbani bila neno, nikawa najisikia kupumua mwenyewe. Nimeliegesha alipokuwa akiegesha baba. Mama hakugeuka hata kutazama, maana hakusikia kitu.

Mdogo wako,
Spana


27 Mei

Spana,

Kwenye kifurushi hiki kuna flashi. Kabla hujaichomeka soma barua yote, nakuomba, usiwe Spana leo.

Wiki chache kabla baba hajalazwa alinipigia, nikawa nimo chumba cha sponji, simu iko mlangoni. Akaacha ujumbe wa sauti. Nilipotoka nilichoka, nikasema nitausikiliza kesho. Kesho ikawa na yake. Halafu akafa, na baada ya hapo sikuweza kuufungua. Nimeubeba kwenye simu mpaka leo, nikihamisha kutoka simu hii kwenda ile, bila kuufungua.

Barua yako ilipofika nilikumbuka kwamba baba hakuwa akipiga simu popote ila garini. Nikaufungua.

Anasema, "Cheche, ni mimi baba yako. Niko getini hapa, mama yako hajajua kama nimerudi, nikasema nikusikie kwanza." Injini inanguruma nyuma yake, kikohozi na kila kitu. Anasema ameifikiria ile kazi yangu. Anasema, "Ukipata nafasi, moja liwekee sauti ya hili langu. Watu watapisha wenyewe." Anacheka. Halafu anasema, "Usimsikilize ndugu yako, endelea na umeme wako. Kifua changu hiki kingeupenda." Spana, na mimi mbele ya kaburi lake nilikupigia kelele kana kwamba baba alikuwa upande wako dhidi yangu. Hakuwa upande wa mtu. Alikuwa getini tu, anatusubiri sote wawili.

Nimekaa na wenzangu kazini siku nyingi tukitoa maneno na kubakiza injini. Imetoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Baba hakukata simu mpaka alipoingia, kwa hiyo inaanza akiwa getini, honi mara moja, inanguruma, inazima. Ila mwishoni, akiwa anazima, anasema, "Haya, nimefika." Maneno yameshikana na mlio wa mwisho, lakini kukata kabla yake inawezekana. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikukata. Sikuweza kumkata baba.

Isikilize kwanza ukiwa peke yako. Kwenye gari, chini ya skrini, kuna kitufe cha kupunguza sauti. Ikikaribia mwisho, kibonyeze.

Dada yako,
Cheche


18 Juni

Dada,

Sikukibonyeza.

Niseme kila kitu kilivyokuwa. Niliisikiliza peke yangu kwanza, kama ulivyoagiza, nimeegesha nyuma ya duka la Mzee wa Spea. Alitoka akasimama mlangoni, kitambaa mkononi, akasema, "Huyo si mzee mwenzangu?" Nikajua imefaa. Nikarudi nyumbani jioni ile ile. Nikazunguka mtaa. Watoto wakashangaa, Msafara amerudi na gari jeupe linalokohoa.

Nilipofika getini nikaiachia iendelee. Honi mara moja. Mama akasema jikoni, "Haya, baba yenu huyo," nikasikia sahani zinagongana, dada, nikasikia kijiko kwenye sufuria. Nilicheka peke yangu mle ndani kama mwendawazimu. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Na ikafika pale, nikataka kumsikia mara moja tu tena, akiingia nyumbani kwake. Nikaacha.

"Haya, nimefika."

Mama alitoka na mwiko mkononi. Kwa miezi yote ile hakuwahi kutoka, alikuwa akisikia tu na kupakua. Safari hii aliitwa. Akafungua mlango wa dereva akanikuta mimi. Akafungua wa nyuma. Akazunguka akafungua buti, akainua hata kile kizulia cha chini. Akaniuliza, "Yuko wapi?" Nikasema ananawa. Akanitazama, na macho yake yalikuwa yale ya zamani, macho ya mama aliyekuwa akijua nani kachovya kidole kwenye sukari. Akasema, "Alikufa." Halafu akaligusa gari kwa kiganja, akasema, "Alikufa, na ninyi mmemtia humu."

Akakaa chini pale pale uani. Alilia kilio chote, cha mjane, mpaka sauti ikakauka. Nilikaa naye.

Asubuhi alikuwa hakumbuki. Akaniambia baba yako ametoka mapema leo. Flashi nimeitoa, nimeifunga kwenye kitambaa, nimeiweka mfukoni mwa koti la baba. Sikulaumu. Ulishindwa kumkata, nami nilishindwa kumnyamazisha, tugawane.

Lakini hali chakula, dada. Sasa hata vijiko anavikataa, anafunga mdomo kama mtoto. Daktari amekuja, anasema mwili ukizoea kutokula huwa hauombi tena. Kama kuna mlango wa kupitia hizo hati zako, pitia. Gari si dawa. Njoo wewe.

Mdogo wako,
Spana


4 Julai

Spana,

Nakuja. Hati bado, na nimeacha kungoja. Nimemwambia mkuu wangu nitarudi kama wataniruhusu, na wasiponiruhusu chumba cha sponji kitapata mtu mwingine. Nafasi ya ndege ya karibu nimeipata mwisho wa mwezi.

Mwambie mama nakuja. Akisahau mwambie tena. Hiyo ni habari ambayo unaweza kumwambia kila siku bila kumuumiza.

Amekula? Niandikie hilo tu. Hata kama barua itapishana nami njiani, andika.

Cheche


16 Julai

Kwa binti yangu Cheche,

Anayeandika ni ndugu yako, mimi macho yananisumbua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asitie chumvi.

Nimeambiwa unakuja. Vizuri. Uje na nguo za kufanyia kazi, usije kama mgeni.

Gari ulilotuma nimeliona. Nilimuuliza ndugu yako ni la nani, akasema limetoka kwako, ni la nyumbani. Zuri, na dirishani kwangu hapanuki moshi tena, nalala nimefungua. Ila halina adabu. Linaingia bila hodi. Juzi nilikuwa nimekaa jikoni namngoja baba yako, masikio yangu yako getini, mara ndugu yako huyu hapa mlangoni, amesharudi na gari, mimi sijasikia hata jani. Nikamwambia, kumbe hili likiingia mtu hajui! Akasema ndiyo mama, ya siku hizi hayana mlio.

Basi nikakaa nikafikiri. Kama hayana mlio, mimi namngoja nini? Baba yako anaweza kuwa amesharudi zamani, yuko huko nyuma ananawa ile mikono yake, na mimi huku nashinda njaa kama mjinga. Mtu atamngojaje mtu ambaye labda ameshafika?

Kwa hiyo siku hizi singoji. Nakula. Jana nilikula nikaongeza. Chake nakifunika, nakiweka pale pale mwisho wa meza, naenda zangu kulala. Na asubuhi nikiamka nakuta kimeliwa chote, sahani imeoshwa. Ndiye huyo baba yako, anajificha kula kama panya, na anadhani sijui.

Ukija mwambie aache kazi mapema siku hiyo. Mimi hanisikii.

Mama yako


Dada, nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno.

Kile chakula nakila mimi, kila siku, akishalala. Nakaa kwenye kiti cha baba, nakila chote, naosha sahani. Wahi uje tukile wote.

Spana